Neno ulilolibandika linakuamrisha nini?

 

Ndugu msomaji, atakayesafiri kutoka mjini Shinyanga kwenda Kahama, kisha akaishika njia ya Kakola hadi Geita na kumalizia Katoro, hana haja ya kuchukua kitabu cha kusoma njiani. Barabara yenyewe ni kitabu. Nyuma ya lori la mpunga pameandikwa "Mungu kwanza". Kwenye kioo cha basi dogo, "Hasira hasara". Kwenye kanga ya mama anayeuza viazi vilivyochemshwa kuna neno ambalo bila shaka lilinunuliwa kwa ajili ya jirani fulani. Na katika duka moja linalouza kamba za kushukia mashimoni tulisoma ubaoni, "Riziki haivutwi kwa kamba". Hatudhani kuwa mwenye duka aliikusudia kejeli hiyo.

Katika safari ya namna hiyo tuliegesha pembeni ya uwanja wa makarasha, kule ambako mawe ya dhahabu husagwa, ili tuswali adhuhuri. Akatufuata kijana mmoja, amejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, akatuamkia na kutukumbusha kuwa tulimfundisha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Alikuwa na pikipiki yake hapo. Juu ya taa ya mbele alibandika neno "Tawakkal", na kwenye mpira wa kuzuia matope nyuma aliandika kwa rangi nyekundu, "Ponda mali kufa kwaja". Tukamuuliza kwa utani, katika maneno haya mawili ni lipi linaloendesha pikipiki? Akacheka, akajibu: "Yote mawili, ustadhi. Hilo la mbele ni la kuingilia shimoni, hilo la nyuma ni la kutokea."

Tulicheka pamoja naye, lakini jibu lake halikutuacha. Kila tulipokutana na kibandiko kingine mbele ya safari tulijikuta tunauliza: mwenye neno hili, neno lake linamwamrisha nini? Maana hakuna mtu asiye na neno analoliishi. Wengine wameliandika kwenye chombo, wengine kwenye kanga, wengine hawakuliandika popote, ila ukikaa nao siku tatu utalisikia likijirudia vinywani mwao kila wanapotaka kujihalalishia jambo. Neno hilo ndilo hakimu wao. Basi ni wajibu kumjua hakimu kabla ya kumpelekea kesi.

Uislamu haukudharau maneno mafupi. Bwana Mtume (S.A.W) ameeleza kuwa miongoni mwa aliyotunukiwa ni maneno machache yenye kukusanya maana nyingi. Na masahaba wake, radhi za Allah ziwe juu yao, hawakuona haya kumwomba neno la kushika. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Sufyan bin Abdillah Ath-Thaqafi alimtaka Mtume (S.A.W) amwambie katika Uislamu neno moja ambalo hatahitaji kumuuliza mtu mwingine baada yake. Akaelekezwa aseme kuwa amemwamini Allah, kisha asimame imara juu ya hilo. Bukhari naye amepokea kwa Abu Huraira kisa cha mtu aliyekuja kuomba wasia, akausiwa asikasirike. Yule mtu akaona pengine ni kidogo, akarudia ombi lake mara kadhaa, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Na katika Tirmidhi yumo yule mtu aliyelalamika kuwa sheria za Uislamu zimekuwa nyingi kwake, akataka jambo moja la kushikamana nalo. Yeye akaambiwa ulimi wake usiache kuwa na unyevu wa kumtaja Allah.

Tutazame vyema hapa. Waombaji watatu, na kila mmoja akaondoka na neno tofauti. Wanazuoni wametueleza sababu: Mtume (S.A.W) alimpa kila mtu kile alichokihitaji, kama tabibu asiyewapa wagonjwa wote kidonge kimoja. Aliyeambiwa asikasirike pengine alikuwa mwepesi wa hasira, na ndiyo maana hakulifurahia jibu. Dawa iliyogusa kidonda huuma.

Nasi tuna ushahidi wetu katika hili, hata kama si wa kujisifia. Tulipokuwa tukisoma Khartoum, mwalimu wetu wa hadithi alimtaka kila mwanafunzi achague hadithi moja katika zile 42 alizozikusanya Imam Nawawi katika kitabu chake maarufu cha Arubaini, aifanye kuwa mwongozo wake kwa mwaka mzima. Sisi, kwa haraka ya ujana, tukaichagua ile inayoieleza dini kuwa ni nasaha. Tukafurahi, kwani tuliona tumepewa ruhusa ya kumrekebisha kila mtu bwenini. Mwalimu alitusikiliza, kisha akasema: "Umechagua neno la kuwaamrisha wenzako. Nenda kachague la kukuamrisha wewe." Tulipochelewa kurudi na jibu, alituchagulia mwenyewe ile inayosema kuwa katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu. Imepokewa kuwa Imam Abu Dawud, aliyechagua hadithi zipatazo 4,800 za kitabu chake kutoka katika laki tano alizoziandika, alisema zipo nne zinazomtosha mtu kwa dini yake, na hiyo ni mojawapo. Umepita zaidi ya robo karne, na bado hatujaimaliza.

Turudi kwa kijana wetu na maneno yake mawili, na tuanze na lile la nyuma, la kutokea shimoni.

"Ponda mali kufa kwaja" ni msemo wa kale, haukuzaliwa machimboni. Lakini hatujui mahali ulipopata makazi kama huku. Na tusiwe wepesi wa kuulaani kutoka juu ya mimbari kabla ya kuwasikiliza wenye kuusema. Mchimbaji wa duara halipwi mshahara. Hushuka na wenzake kwa wiki, pengine kwa miezi, wakitoa kifusi na kuufuata mshipa wa dhahabu, huku chakula kikitoka kwa mwenye duara au kwa mkopo wa mama lishe. Mawe yakipatikana, mifuko hugawanywa: mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Mifuko hupelekwa karashani, mawe yakasagwa kuwa unga, unga ukaoshwa mwaloni, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki na kuchomwa. Mara nyingine, baada ya mateso yote hayo, kinachobaki hakilipi hata deni la ugali. Na mara nyingine usiku mmoja huleta fedha ambazo baba yake, mkulima wa pamba kule Shinyanga, hakupata kuziona pamoja katika misimu mitatu.

Mtu huyu anaijua habari ya kifo kuliko sisi tunaoihutubia. Oktoba 2015 walifukiwa wachimbaji huko Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakatolewa hai mwezi uliofuata baada ya siku 41 gizani, wakiwa wameishi kwa wadudu, mizizi na maji yaliyodondoka. Januari 2017 wakafukiwa watu 15 Nyarugusu, mkoani Geita, Mwenyezi Mungu akawatoa wote salama. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, wilayani Shinyanga, walipofukiwa watu 25, na safari hii familia nyingi zikabaki katika msiba. Hayo ni yale yaliyotangazwa. Mashimo yaliyomeza mmoja mmoja, usiku, pasipo kamera wala kiongozi wa kufika, hatuwezi kuyahesabu. Kwa hiyo kijana akikuambia kuwa kufa kwaja, hasemi kwa sitiari. Anasema alichokiona asubuhi.

Basi kosa liko wapi? Msemo huu una nusu mbili. Nusu ya mwisho ni habari, nayo ni kweli tupu. Hata Qur'ani tukufu imethibitisha kuwa kila nafsi itaonja mauti. Nusu ya mwanzo ni amri, na hapo ndipo penye maradhi. Kutokana na habari ya kweli imetolewa amri ya uongo. Fedha za miezi minne zinakwisha kwa siku mbili Katoro, katika vinywaji na nyumba za kulala wageni, na kijana anarudi duarani kwa mkopo ule ule wa mama lishe. Ukimuuliza, anakunukulia msemo wake kama mtu anayenukuu aya.

Sasa tuilinganishe hukumu hiyo na ya watu waliokijua kifo kama yeye. Katika vitabu vya historia inapokelewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) alikuwa na pete iliyochorwa maneno ya kujikumbusha kuwa kifo kinatosha kuwa mwenye kuwaidhi. Tazama, ni nusu ile ile ya msemo wetu! Umar naye alisema kufa kwaja. Lakini kwake habari hiyo haikutoa amri ya kuponda. Ilimfanya kiongozi wa dola kubwa azunguke Madina usiku akiuliza nani amelala na njaa. Na mwanawe, Abdullah bin Umar (R.A), alishikwa bega na Mtume (S.A.W) akausiwa aishi duniani kama mgeni au mpita njia. Mpita njia ni nani kama si mchimbaji, ambaye leo yuko Nyarugusu, kesho rashi ikitokea Kahama amefunga godoro lake na kuhama? Ila mpita njia mwenye akili hachomi mzigo wake kwa hoja kwamba safari ni fupi. Huupunguza, huufunga vizuri, na huandika juu yake jina la mwenyewe.

Tumesema huandika, nasi tumekusudia. Ni Ibn Umar huyo huyo aliyesimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W) kuwa haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Kisha akaeleza kuwa tangu alipoyasikia hayo haukumpitia usiku mmoja isipokuwa wasia wake upo. Hakulibandika neno hilo mlangoni. Alilala nalo. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala ibada za usiku. Inazungumzia kuandika deni. Wahenga wetu waliifupisha maana hiyo kwa lugha ya sokoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo nalo ni neno la kubandika, ingawa hatujaliona kwenye pikipiki yoyote.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kumswalia kijana aliyeangukiwa na mwamba. Kabla ya swala tukauliza, kama ilivyo ada, iwapo marehemu ana deni. Wakasimama watu watatu. Wa kwanza alidai fedha za pampu ya maji, wa pili za chakula, wa tatu akadai fungu katika duara lenyewe. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Kaka wa marehemu aliwakubalia wawili, wa tatu akamwita mwongo mbele ya jeneza, na kidogo watu washikane. Mjane alikuwa nyuma ya ukuta na mtoto mgongoni, akisikia. Hakuwa na la kusema kwa kuwa hakuambiwa lolote. Mumewe aliponda peke yake, na madeni akamwachia yeye. Hapo ndipo tulipokumbuka vizuri kwa nini Mtume (S.A.W) alisita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitokeza akalibeba. Sisi siku ile hatukuwa na Abu Qatada.

Na lile neno la mbele, la kuingilia shimoni? Hapana shaka "Tawakkal" ni neno tukufu. Lakini neno tukufu nalo linaweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas kuwa mtu alimuuliza Mtume (S.A.W) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwache na kutegemea, akaelekezwa amfunge kisha ategemee. Machimboni ngamia anajulikana. Ngamia ni magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Ngamia ni kamba isiyochakaa, ni hewa safi chini ya shimo, ni kutoshuka siku iliyofuata mvua kubwa hata kama wenzako wanakucheka. Tulimuuliza kijana wetu kama duara lao limewekwa magogo. Akajibu kuwa magogo ni ghali, na mawe yapo karibu kutoka. Huyo hajatawakali. Huyo amecheza kamari, akaiita kwa jina la ibada.

Tunalisema hili kwa upole, kwa sababu kule Nyandolwa mgodi ulikuwa wa kikundi kilichojiita Wachapakazi. Ni jina jema. Ni jina la watu wasiotaka kuomba wala kuiba, na wala hatusemi kuwa jina hilo ndilo lililowaletea yaliyowafika. Ajali zina sababu zake na wenye kuzichunguza wapo. Tunachosema ni kwamba kaulimbiu za kuchapa kazi tunazo nyingi, na mkoa huu wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012, ni nyumbani kwa aliyeipeleka nchini kote ile ya "Hapa Kazi Tu" mwaka 2015, hayati Rais Magufuli wa Chato. Za kumlinda mchapakazi tunazo chache.

Lakini lipo jambo baya zaidi, nalo ni pale neno linapoacha kuwa amri na kugeuka hirizi. Mtu analiandika jina la Allah na kulifunga kiunoni, si ili limzuie na haramu, bali ili lahaula limpe mawe. Kutoka hapo hadi kwa mganga ni hatua moja. Hatujasahau, na watoto wetu waambiwe, yale mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, Shinyanga na Geita zikiwemo, kwa imani chafu kuwa viungo vya mwanadamu huvuta dhahabu na samaki. Waliofanya hivyo nao walitafuta njia fupi ya utajiri. Haiwezekani mdomo ukasema tawakkal na mguu ukaelekea huko.

Neno kubandikwa mahali pazuri halimwokoi aliyelibandika. Wafalme wa Kiislamu wa Granada, kule Hispania, walikuwa na kaulimbiu inayosema kuwa hakuna mshindi ila Allah, na wakaichora kwenye kuta za kasri lao la Alhambra mara nyingi kiasi kwamba mgeni akiingia leo haendi hatua kumi bila ya kuiona. Wakati huo huo waligombana wao kwa wao, baba na mwana, na mwaka 1492 wakakabidhi funguo. Kuta zipo mpaka leo na maneno yake yanasomeka. Kinyume chake ni pete ya Mtume (S.A.W), iliyochorwa jina lake na utume wake, aliyoitumia kupigia muhuri barua. Ilivaliwa baada yake na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman (R.A), na ikiwa mkononi mwa Uthman ikaanguka katika kisima cha Aris. Wakaitafuta siku tatu, wakayateka maji yote ya kisima, wasiione. Pete ilipotelea shimoni, na ujumbe wake ukafika mpaka kwetu huku Usukumani.

Hata katika mambo ya kidunia nchi yetu imewahi kuona neno fupi likifanya kazi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1973 wanaikumbuka "Mtu ni Afya". Ilikuja kwa redio, watu wapatao milioni mbili wakakaa vikundi vikundi kuisikiliza na kuijadili, na baada ya kipindi waliinuka wakachimba vyoo. Neno lilikuja limeshika jembe. Baba zetu hawakulibandika popote, maana wengi hawakuwa na ukuta wa kubandikia, lakini shimo la choo lilikuwepo nyuma ya nyumba.

Sasa tuzungumze na nyumba zetu, kwani kijana wa duarani hakuzaliwa duarani. Alitoka katika nyumba yenye neno lake. Kuna nyumba ambazo mtoto tangu akiwa na miaka mitano anasikia baba akisema "mjini ujanja", mama akivaa kanga ya kumpiga kijembe jirani, na ukutani ipo Ayatul Kursiyyu yenye fremu ya dhahabu. Mtoto huyo atashika lipi? Hatashika la ukutani. Atashika lile linalotumika siku fedha zikikosekana. Tunawashauri wazazi wakae na watoto wao jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, na kila mmoja ataje maradhi yake kabla ya kutaja neno lake. Mwenye hasira aseme mimi nina hasira, na baba awe wa kwanza. Mwenye kuchukua vya watu, mvivu wa alfajiri, mwenye kukopa bila kulipa, mwenye ulimi. Kisha kila mmoja apewe neno moja, litoke katika Qur'ani, katika Sunna au katika hekima za wazee wetu ambazo dini haizipingi. Akina mama tunaowafahamu hapa Shinyanga wamelifanya hili kwa madaftari ya watoto wa madrasa, kila daftari na neno lake kwenye jalada, na mmoja alituambia kuwa mtoto wake wa miaka tisa humwonyesha jalada kila anapompandishia sauti. Tuliona ni dawa nzuri, ingawa inamwumiza aliyeinunua.

Wala tusipeane maneno mengi. Mwenye maneno kumi hana hata moja.

Tumalizie kwa mzee mmoja wa njia ya Kakola. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Alichimba tangu ujana wake, akapata na kukosa kama wenziwe, na hakuwa tajiri. Vijana walimtania kwa jambo moja: popote alipokwenda alikuwa na daftari dogo la kurasa 40, amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kulitia katika mfuko wa shati, na wakati wa kushuka shimoni humwachia mlinzi wa juu. Jalada la daftari lilikuwa na maneno ya wino wa buluu, yale ya mali na habari yake. Daftari likijaa alinunua jingine na kuyaandika upya.

Alifariki kwa homa, kitandani kwake, si shimoni. Tulipouliza habari ya deni, mjane wake alimtuma mjukuu ndani, naye akarudi na daftari. Tukalisoma mbele ya watu. Aliyekuwa akimdai alitajwa, naye aliyekuwa akidaiwa na marehemu alitajwa pia, pamoja na tarehe. Wawili kati ya hao walikuwa safu ya mbele, wakainamisha vichwa, na mmoja akalipa siku ile ile. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu, wa wiki mbili kabla ya kifo chake, kuwa anadaiwa shilingi 6,000 na mama lishe wa pale njia panda, sahani tatu za wali na maharage. Tukamtuma mtu amwite. Alikuja na kitambaa cha jikoni bado kiko begani, akihofu ameshitakiwa. Tulipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Sheikh, mimi mwenyewe nilikwisha sahau."